Kamera Isiyosinzia

Kitendawili! Haya, niambie tega. Nina abiria garini, hashiki usukani wala halipi nauli, lakini akikataa hatuendi popote. Umeshindwa? Ni kamera. Zama hizo gari lisilo na kamera haliwaki, na kamera ikigundua dereva haoni vizuri, inalizima gari na leseni inafutwa papo hapo.

Bi Senga alikuwa hoi, miguu imemvimba, na kesho ilikuwa siku yake ya kusafishwa figo. Aliketi dukani akimtazama mumewe, Mzee Mhina, akichagua kamera mpya; ile kuukuu, iliyokuwa haioni vizuri tena, ilikufa usiku uliopita.

"Hii ya bei rahisi je, binti yangu?"

"Hiyo ikipata vumbi inasinzia, babu," akasema Zuhura, muuzaji. "Chukua hii. Inatazama barabara, inatazama na macho ya dereva. Haikosei."

"Inayosinzia inatufaa. Mzee mwenzetu huyo."

Zuhura akacheka. Bi Senga hakucheka.

"Baba Sefu, yule mama mwenye kapu uliyekaribia kumgonga jana pale sokoni. Ulimwona?"

"Ina waranti?" mzee akamuuliza Zuhura.

"Nimekuuliza, baba."

"Na kliniki utapelekwa na nani, mama Sefu? Kwa miguu hiyo?"

"Sijui." Akaisogeza ile isiyokosea mbele ya mumewe. "Ulimwona?"

Mzee Mhina akaichukua, akaigeuzageuza, akaipapasa kwa vidole akitafuta kioo chake kiko upande gani.

"Nilisikia ulivyopiga kelele," akasema. "Yeye sikumwona."