Kibati cha Wino

"Chovya mara moja tu, unaandika mstari mzima," shemeji aliwatambia wageni, akiinua kalamu ya kuandikia vyeti. Chini ya ncha alikuwa amebana kibati cha shaba cha kuhifadhi wino. Nilikibuni mimi, yeye akaiba michoro.

Ila kuna jambo sikulichora. Kibati kipya kina mafuta; usipokilamba kwanza, wino haushiki, unaporomoka wote. Mimi hukilamba nikiwa nimewapa watu mgongo.

Cheti cha mkurugenzi kilikuwa mezani, kimenakshiwa kwa dhahabu, limebaki jina tu. Shemeji alichovya. Tone likavimba kwenye ncha, jeusi, limenona kama kupe.

Akanigeukia, jasho likimtoka. "Shemeji, mbona hivi?"

"Andika tu, shemeji," nikamjibu kwa sauti, wasikie wote. "Si umekibuni mwenyewe?"