Sauti ya Kuazima

Enzi hizo mwimbaji hakuruhusiwa kuimba jukwaani kwa sauti yake. Aliazima ya shabiki mmoja, akairudisha onyesho likiisha. Mghoi, aliyeipenda bendi ya roki ya Mawe ya Chumvi tangu shuleni, alichaguliwa. Alisimama mbele, bubu, akitokwa machozi ya furaha kusikia sauti yake ikipaa juu ya magitaa. Kisha alirudishiwa.

Asubuhi alikuwa akikoroga uji, redio ikirudia onyesho lile, bintiye Wakesho alipoingia jikoni.

“Mama, umeniita?”

“Sijakuita, mwanangu.”

Katikati ya wimbo sauti ya Mghoi ikasema, “Wakesho, njoo nje.”

Mghoi aliizima redio. Sauti ikaita tena, nyuma ya mlango.

“Abee, mama!” mtoto akaitika, akakimbilia mlangoni.

Mghoi alimdaka, akamziba masikio.