Sato Mwenye Watoto

Maji yalimfika Nyamizi magotini. Tangu alfajiri alikuwa akipapasa kwenye matete, ndani ya vishimo ambavyo sato huvichimba wakati wa kuzaliana. Ufukweni wifi yake Mbula alikuwa amembeba Seni, mtoto wa Nyamizi, ambaye jana alilia njaa kutwa nzima na leo hata kulia hawezi.

"Wifi, fanya haraka! Mtoto analegea!"

Ndipo vidole vyake vikagusa magamba. Nyamizi akajitupa mzima mzima, akamkumbatia samaki kifuani, akabaki amepiga magoti majini akihema. Alikuwa sato jike, mnene. Samaki akapanua mdomo, na vifaranga vikamwagika majini kama ufuta.

Katika mji ule, jike mwenye watoto mdomoni hurudishwa majini, hata kama nyumbani jiko halijawashwa.

"Umempata?" Mbula aliita.

"Nimempata."

"Ana watoto?"

Nyamizi akambana samaki kwapani. Mkono wake wa pili ulikuwa bado majini, kiganja kimekunjika kidogo. Vile vifaranga, vilivyozoea kukimbilia mdomoni mwa mama yao kila vinapoogopa, vikazunguka zunguka, vikauona uwazi wa kile kiganja, vikaingia na kujibana humo.

"Hana," akajibu.

Akabaki pale pale amepiga magoti, hathubutu kuufungua mkono wala kuufunga.