Subiri, Ba

"Chomoa tu, mama, haitaganda," Alpa alisema.

Mwenye duka la viungo, hapo Kariakoo, aliushika waya wa mzani kwa vidole viwili, akauvuta. Kompyuta ikaganda papo hapo. Bei ya iliki ikabaki imekodoa macho kwenye kioo, na wateja wakaguna.

Ndani kabisa ya kiini cha mfumo wa kompyuta, Alpa alikuwa ameandika mistari ya msimbo ya kuzuia jambo hilohilo: mzani ukichomolewa ghafla, kumbukumbu yake isiachiliwe mpaka programu ya mwisho inayoitumia imalize. Aliiandika akimfikiria Ba, bibi yake, ambaye nyumbani huchomoa kila kinachowaka. Jana ilifanya kazi. Leo mtu alikuwa ameifuta.

Akamgeukia kijana mwenzake wa kazi, aliyekuja naye. Duka zima lilikuwa limeshtuka isipokuwa yeye. Alikuwa anafungua zipu ya begi.

"Nilimwambia hii bado haijaiva," alimwambia mwenye duka, akitoa kompyuta nyingine. "Jaribu yangu, mama. Nimeitengeneza mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho."

Akachomeka mzani, mama akauchomoa. Safari hii kompyuta haikutetereka. Maneno yakajitokeza katikati ya kioo:

*Subiri, Ba, namalizia.*

Mwenye duka akayasoma kwa sauti, akakunja uso.

"Ba ndiye nani?"

Kijana, kwa mazoea, akamtazama Alpa ili amjibie.