Skonzi za Mwisho za Mama

Dada alibonyeza kidole gumba katikati ya skonzi ya kwanza, akainama kukikagua kishimo, kisha akalikanda donge lote upya.

"Kidole chako chembamba," alisema kitindamimba, ameegemea mlango wa jiko. "Kishimo cha mama kilikuwa kipana. Siagi ilituama humo kama maji ya mvua."

"Basi leta chako."

"Changu ndiyo kabisa."

Dada akajaribu mgongo wa kijiko. Kijiko kilidanganya vizuri kuliko kidole.

Aproni ya mama ilikuwa ingali msumarini, mfukoni ina vumbi la unga wa siku ile. Hakuna aliyethubutu kuifua, sembuse kuivaa. Dada mwenyewe alikuwa amejifunga taulo.

Tangu siku ile, chai ya Jumapili ilikuwa ikizimika taratibu. Kaka yao, fundi umeme, alianza kupata kazi za dharura kila Jumapili. Kitindamimba akaanza kupata mafua. Baba akabaki mezani na mkate wa dukani, wanatazamana kama wageni waliokosea nyumba. Leo Dada ndiye aliyewaita wote. Alijua skonzi hizi zikikataa, hawatakaa tena meza moja mpaka harusi au msiba.

Alipozitoa kwenye oveni, baba alikuwa ameshanyoa ndevu na kupanga vikombe. Kimoja alikiweka mahali pa mama.

"Baba, acha tu," Dada alisema kwa upole.

"Kiache. Hakiombi chai."

Kaka akagonga skonzi yake mezani. "Dada, hizi tunakula au tunajengea msingi?"

"Kula unyamaze."

Akala, akanyamaza. Kisha akachukua ya pili.

"Mnakumbuka alivyokuwa akitufungia kwenye leso?" kitindamimba akasema. "Tukifika shuleni zimeshabondeka, tunalamba leso."

"Na siku umeme ulipokatika, akazimalizia kwenye kikaango," kaka akadakia. "Zikaungua upande mmoja. Tukapigania zilizoungua."

Wakacheka. Baba hakucheka.

"Zile za mwisho," alisema, "mimi ndiye niliyeanza kuzila. Na nikamwambia nini? Nikamwambia zimekauka."

"Baba, usijirudishe huko."

"Mama yenu alinyanyuka. Alivua aproni, akaitundika, akaenda kulala. Kulipokucha..."

"Sote tulikosea," kaka akasema, akiongea na kikombe chake. "Mimi niliomba maji ya kushushia."

"Mimi nilimpa paka," kitindamimba akanong'ona.

Baba akachukua skonzi nyingine. Akaipaka siagi, akangoja iyeyuke kishimoni, kama alivyokuwa akingoja zamani. Akauma, akafumba macho. Chozi likateleza kwenye shavu lililonyolewa, bila kizuizi.

"Hii," akasema. "Hii ni mkono wake kabisa."

Dada akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kitindamimba akaanza kulia bila kujificha. Kaka akatangaza, bila kuulizwa, kwamba Jumapili ijayo hana dharura yoyote.

"Laiti angekuwa hapa," baba akasema, "aonje mwenyewe."

Mlango wa mbele ukafunguka. Mama akaingia kutoka bwawani, alikohamia kila Jumapili tangu agome kuoka, nywele zimelowa, miwani ya kuogelea inaning'inia shingoni, akachukua skonzi moja na kuitafuna polepole, wima, akiwatazama mmoja mmoja.

"Zimekauka," akasema. "Na siombi radhi."