Inapokatikia Sura ya Nne

"Imekatika tena," mkewe alisema kutoka juu ya ngazi. "Pale pale pa jana. Kijana anafungua mkoba wa vifaa vya kupimia, basi, kimya."

Mpima ardhi mstaafu aliutazama waya uliotoka nyuma ya kompyuta yake, ukapanda ukutani na kupenya dari hadi kwenye kompyuta ya chumbani kwa mkewe. Aliutandaza mwenyewe, kabla goti halijamgomea. Tangu alipopasuliwa alikuwa akilala chini na kushinda chini, na ngazi aliziangalia tu kama mali ya watu wengine. Kwa hiyo riwaya yake, kazi aliyoianza siku alipoagwa ofisini, ilikuwa ikipanda ghorofani peke yake, kwa waya.

Na ilikuwa lazima ipande. Mchapishaji aliitaka Jumatatu, lakini mpima ardhi alikwisha kuapa kwamba haitoki mle ndani kabla mkewe hajaufikia ukurasa wa mwisho. Mkewe alikuwa mkunga. Katika kazi yake yote hakuwahi kumwambia mzazi "bado kidogo" wakati bado sana. Mtu wa namna hiyo akisema kitabu ni kizuri, ujue ni kizuri.

"Ila hadi hapo umeionaje?" aliuliza, akijifanya hana haja sana na jibu.

"Nzuri, baba watoto. Yule binti na mama mkwe wake wamenivunja mbavu. Halafu ndiyo kijana anafungua huo mkoba."

"Na hapo ndipo inapoanza kunoga," mpima ardhi alisema kwa uchungu. Sura ya nne ndiyo aliyoitolea jasho kuliko zote. Kijana alikuwa anapima shamba lenye ugomvi, mwanzo wa mpaka hadi mwisho wake, na hakuna kigingi hata kimoja kilichorukwa.

Akaingia kazini. Alibadilisha waya wa ruta. Akaiondoa ruta nyuma ya jokofu, akaitundika ukutani ipate hewa. Akazima kila kitu, akawasha kimoja kimoja. Akajaribu kutuma picha za wajukuu, zikafika zote. Akatuma video ya harusi ya binti yao, nzito kama gunia la mawe, nayo ikafika. Mkewe akaiangalia mpaka mwisho na kushuka macho yamemwiva kwa machozi. Riwaya tu, nyepesi kuliko vyote, ndiyo iliyokuwa inagoma.

Kilichomfariji ni kimoja. Mkewe, ambaye zamu za usiku zilimwachia ugonjwa wa kukosa usingizi, siku hizi alikuwa akishuka asubuhi uso umekunjuka kama wa bibi harusi. Mpima ardhi alilishukuru lile godoro jipya.

Mwishowe akaita fundi wa mitandao, mtu mzima mwenye duka lake mtaa wa pili. Fundi alisikiliza shida yote, akakuna kichwa.

"Mzee, kwa nini usiiweke kwenye flashi, mama akapanda nayo?"

"Fundi, nimetoboa dari ya nyumba yangu mwenyewe. Sikuitoboa ili watu wapande na vitu mkononi."

Fundi aliupima waya kwa kidude chake, taa zikawaka zote za kijani. Akaituma riwaya, akapanda kuitazama, akashuka.

"Iliyotoka hapa na iliyofika kule ni sawasawa, mzee. Hata nukta haijadondoka njiani."

"Umeisoma sura ya nne?"

"Nimeangalia ukubwa wa faili."

"Ukubwa," mpima ardhi alisema. "Mimi nimeambiwa ukubwa wa viwanja vingi, nikifika nakuta nusu ni korongo. Panda, uifungue, uanze mwanzo kabisa kama mama anavyoanza. Tujue inakatikia wapi."

Fundi alimgeukia mkunga, aliyekuwa amesimama kwenye ngazi. Mkunga alijishughulisha na kifungo cha sweta lake.

"Twende tu ukajionee," alisema. "Kaa kwenye kiti changu kile, kina mto mzuri."

Mpima ardhi alibaki chini, masikio yote juu. Punde akamsikia fundi akicheka. Hapo amefika kwa mama mkwe, alijua. Fundi akacheka tena, safari hii kwa sauti, na mpima ardhi akajikuta anatabasamu peke yake mbele ya skrini. Kisha juu kukawa kimya. Alikifurahia kimya kile; kilikuwa kimya cha mtu aliyezama.

Mkunga alishuka akabandika chai. Alikuwa akikanyaga kwa ncha za vidole, kama anavyopita mtu kwenye wodi ya watoto wachanga, na kijiko kilipomponyoka alikidaka kabla hakijagusa sakafu.

"Bado anasoma?" mpima ardhi aliuliza.

"Usimsumbue," mkewe alinong'ona.

Chai ikanywewa, vikombe vikaoshwa. Jua lilikuwa limeshahama dirisha la mbele na kuingia la nyuma ndipo fundi aliposhuka, mkono mmoja ukiambaa ukuta.

"Mzee, nisamehe kwa kukubishia," alisema, akikohoa kusafisha koo. "Mama amesema kweli. Hata mimi imenikatikia pale pale, kijana anapofungua mkoba."

Mpima ardhi alikuwa akilitazama shavu la fundi, ambalo vibonye vya kibodi vilikuwa vimelichora viwanja vidogo vidogo, vyenye mipaka iliyonyooka, kutoka sikioni hadi kidevuni.