Dohani ya Nahashon

Dohani ya tanuri ilishika moto saa tatu asubuhi, na paa la nyumba lilikuwa la makuti makavu.

Nahashon aliisikia ikinguruma kama lori linalopanda mlima. Kwao bara walichoma mkaratusi, na dohani ilisafishwa mara moja kwa mwaka. Hapa Shella aliokea mikate yake kwa vifuu vya nazi.

“Vifuu vina mafuta, baba,” jirani alikuwa amemwambia. “Yatoe masizi kila mwezi.”

“Kwani dohani ni jino, bibi, lipigwe mswaki?”

Ilipita miezi saba hajaigusa. Sasa masizi yalikuwa yakianguka tanurini mapande mapande, mekundu, yakinata kama lami.

“Mtoe mama kwanza,” mkewe alimwambia, mtoto mgongoni. Mama mkwe alikuwa amelala chumba cha nyuma, miguu imepooza.

Nahashon aliutazama mlango wa chumba, kisha akatazama paa. Akashika ndoo, akapanda ngazi. Aliona ndoo moja ingetosha.

Ziliteketea nyumba nne za majirani na yake ya tano, mbuzi wawili, cherehani moja, na mtu mmoja.